Mama Yake Yuko Wapi: Jinsi Tulivyolifunga Banda la Mbwa la Nyabiyonza

Mlinifanyia sherehe nzuri ya kuniaga. Mlinipa mbuzi, doti ya kanga na hotuba ndefu, na mbuzi huyo amekwisha kula miche yangu yote ya kahawa. Sina kinyongo. Miaka yote kazini niliwahimiza watu wafunge mbuzi wao, na huyu wangu nikamwacha huru kwa sababu alikuwa zawadi.

Siku ile binti mmoja kati yenu, mgeni kazini, aliniuliza ni kesi gani iliyonisumbua kuliko zote. Nilimjibu kwamba ni kesi ya mbwa, na ninyi mkacheka, maana mlitegemea nitaje magonjwa ya ng'ombe kama ndigana au homa ya mapafu. Nasikia siku hizi mjini watu wanazalisha mbwa vibandani na kuwauza kwa picha za simu, nanyi mnaletewa malalamiko msijue pa kuanzia. Basi someni. Sisi Karagwe tulikuwa na jambo hilo kabla simu hazijafika.

Nilipangiwa kituo cha Nyabiyonza nikiwa msichana mbichi kutoka Muleba, cheti cha mifugo bado kinanukia wino. Vita vilikuwa vimeisha juzi juzi. Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, kwa hiyo ungeweza kuitwa kutibu ng'ombe mahali ambapo ungefika ng'ombe ameshapona au ameshaliwa. Siku ya kwanza nilikuta wazee watatu wamekaa nje ya ofisi wakimsubiri Bwana Mifugo. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba, nikafungua mlango, nikaketi mezani, nao wakaendelea kumsubiri Bwana Mifugo. Ilipokaribia saa sita, mmoja alisogea dirishani.

"Binti, baba yako anarudi lini?"

Nikamwambia baba yangu yuko Muleba na halijui hata josho, na kwamba mtu wa mifugo ni mimi. Walishauriana kwa Kinyambo kwa muda. Kisha yule wa dirishani akasema, "Haya waitu, twende. Ng'ombe wangu mwenyewe hajui tofauti." Tangu siku hiyo nikawa Bibi Mifugo, na jina hilo lilinikaa mpaka nikastaafu, ingawa kwa muda mrefu sikuwa na umri wa kuitwa bibi.

Vifaa vyangu vilikuwa baiskeli ya kiume, bomba la sindano la kuchemsha, koleo la kuhasia, na jokofu la mafuta ya taa lililopenda kuzimika siku ambayo chanjo imefika. Kifaa bora kuliko vyote kilikuwa kipande cha kamba laini. Mzee Rwegasira, afisa mifugo wetu wa tarafa, ndiye aliyenifundisha kukizungusha kwenye mdomo wa mbwa, kukivusha chini ya taya na kukifunga nyuma ya masikio kabla mbwa hajajua kama anapendwa au anakamatwa. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufu hata jua linapowaka. Alinifundisha pia kwamba ukifika kwa mtu, umsalimie mwenye mbwa kabla ya kumtazama mbwa, na unywe unachopewa. "Mtu aliyekukaribisha," alisema, "mara ya kwanza atakudanganya kwa raha. Mara ya pili ataona haya kidogo. Wewe subiri ile mara ya pili."

Baada ya vita watu waliogopa wezi kuliko walivyoogopa simba. Kahawa ilikuwa stoo, ng'ombe walikuwa wachache, na kila mwenye nyumba alitaka mbwa wa kutisha. Mbwa wetu wa kawaida, wale wekundu wembamba wanaofukuza ngedere kwenye mahindi bila kushukuriwa, wakadharauliwa ghafla. Watu walitaka mbwa polisi, mwenye masikio yaliyosimama. Na mbwa polisi, kila mtu alijua, walipatikana kwa Felician.

Aliyeniletea habari za Felician alikuwa Konsolata, mama mmoja mkulima ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, aliyekuwa akilima vibarua kwenye vibanja vya watu, yaani mashamba yetu ya migomba. Alikuja ofisini asubuhi na kikapu kichwani. Alikishusha, akafunua jani la mgomba, na ndani alikuwamo mtoto wa mbwa, tumbo limevimba kama kibuyu, ngozi imejaa upele. Kwenye kila sikio kilikuwa kimefungwa kijiti cha mwanzi kwa uzi.

"Vijiti vya nini?" niliuliza.

"Ili masikio yasimame. Aliniambia nisivitoe mpaka akomae."

Nilivitoa. Masikio yakaanguka, na chini ya uzi palikuwa na vidonda. Nikachanganya dawa ya minyoo, lakini yule mtoto alikuwa ameshachoka mno. Alikufa palepale sakafuni, Konsolata akiwa amemshika mgongo kwa viganja viwili.

Nilimpa pole, nikamuuliza kama anataka nimsaidie kudai mbuzi aliyemtoa kubadilishana na mbwa.

"Sikuja kwa ajili ya mbuzi," alisema. "Mimi hulima jirani na kwa Felician. Huwa nawasikia. Wako wengi kule nyuma, Bibi Mifugo, na hawabweki kama mbwa. Wanalia kama watu wenye njaa."

Kesho yake nikaenda. Felician alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, mvaa koti, mtu ambaye hata ukimkasirikia unajikuta unacheka. Aliniketisha barazani, akanipa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, akaniuliza habari za Muleba kana kwamba alizaliwa huko. Uani walilala mbwa watatu, safi, wamenenepa. Mmoja alikuwa dume mkubwa aitwaye Komando. Felician alisimulia kwamba Komando alivuka mto wakati wa vita, peke yake, mabomu yakipasuka nyuma yake.

"Na mbwa wako ndio hawa tu?"

"Hawa tu. Watoto nawauza mapema."

"Mama zao je?"

"Mama zao wapo wapo," akasema, akapunga mkono kuelekea migombani kama mtu anayeonyesha mvua iliko.

Wakati huohuo ikasikika sauti kutoka upande ule, nyembamba, ya kuendelea. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mbwa wa jirani. Upande ule jirani yake alikuwa makaburi ya kigango.

Nikaomba kwenda chooni. Hakuna mahali Karagwe mwenyeji anapoweza kumkatalia mgeni choo.

Nyuma ya migomba kulikuwa na banda la zamani la kuhifadhia kahawa, lisilo na dirisha. Ndani, miti ilikuwa imepangwa kugawa vyumba vidogo, na katika kila chumba alifungwa jike mmoja kwa kamba fupi, fupi kiasi kwamba aliweza kusimama na kulala na basi. Watoto walikuwa kwenye mapipa yaliyokatwa katikati. Harufu ilinipiga machoni. Karibu na mlango alilala jike wa rangi ya majivu, chuchu zimeburuta mpaka zimechubuka, mifupa ya kiuno imejitokeza. Aliniangalia, hakubweka. Mbwa aliyeacha kumbwekea mgeni ameacha mambo mengi.

Pembeni, mwanamke alikuwa akikoroga sufuria kubwa ya maganda ya ndizi na pumba. Ndiye Mama Koku, mke wa Felician.

"Wewe ndiye wa serikali?"

"Ndimi, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa." Aliinua mwiko. "Sufuria hii ilinunuliwa kwa ajili ya ubatizo wa Koku. Angalia ninaowapikia. Asubuhi hao, jioni hao. Watoto wangu wanasubiri mbwa washibe kwanza."

Nilirudi barazani nikamweleza Felician nilichokiona. Hakukasirika. Aliniuliza swali ambalo nyie pia mtaulizwa, kwa hiyo jiandaeni nalo.

"Ng'ombe anafungwa. Mbuzi anafungwa. Kuku anatagia gizani. Mbwa ana nini cha zaidi?"

"Ng'ombe wako hutoka kwenda malishoni, Baba Koku," nikamjibu. "Wale hawajaliona jua."

"Nitawatoa," akasema, na akaniongezea kahawa. Hiyo ilikuwa ile mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuliona kosa ni kazi ya nusu siku, na kulifunga ni kazi ya misimu. Nilianzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Alinisikiliza kwa heshima huku mbwa mmoja, sikio moja limesimama na jingine limelala, akininusa miguu. Mwenyekiti alisema ufugaji ni kujitegemea, na kujitegemea ndiyo siasa yetu, na je, mimi napinga siasa? Nikasema sipingi. Nikamuuliza mbwa wake amemtoa wapi. Akasema mazungumzo yetu yamekuwa mazuri.

Nikaenda kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, mtu mwenye haki, nampa sifa yake. Alisema sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo, ila hajawahi kuona mtu akishtakiwa nayo kwa ajili ya mbwa. "Niletee mashahidi waliowaona, na niletee hao mbwa wenyewe," aliniambia. "Huruma yako siwezi kuiandika kwenye hukumu."

Basi tukapanga siku ya kwenda na mgambo kuwachukua. Mgambo huombwa kwa mwenyekiti. Mnaelewa yaliyofuata. Tulipofika, banda lilikuwa limefagiwa na kumwagiwa maji, na kahawa imeanikwa mbele yake kwa mpangilio mzuri sana. Felician alitukaribisha wote kahawa, mgambo wakakaa kwa furaha. Baadaye utingo wa lori la ndizi alinisimulia kwamba alfajiri ile walipakia matenga ya kuku kwenda Bugomora, kwa shemeji yake Felician, na kwamba katika miaka yake yote barabarani hakuwahi kusikia kuku wakibweka hivyo.

Baada ya wiki kadhaa mbwa walirudi bandani, wembamba zaidi.

Nilikwenda kwa Mzee Rwegasira nikiwa na hasira ya ujana. Nilimwambia nataka kuandika wilayani. Alivua kofia yake, jambo alilolifanya mara chache.

"Ukiandika kwamba kuna ukatili," alisema, "utajibiwa mwaka kesho. Ukiandika kwamba kuna kichaa cha mbwa, bunduki itafika wiki hii. Watapiga wote, wakubwa na wadogo, na banda litafungwa kabla ya chakula cha mchana."

"Lakini hawana kichaa."

"Ndiyo maana nakuambia mapema. Kuna siku utachoka, na wazo hilo litakujia peke yake likiwa limevaa nguo nzuri."

Lilinijia kweli, tena siku hiyohiyo, nikiendesha baiskeli kurudi Nyabiyonza. Enzi hizo bunduki ndiyo ilikuwa njia yetu ya kawaida ya kumaliza habari za mbwa, na hakuna ambaye angeniuliza. Nilisukuma baiskeli kwenye mlima wote nikilifikiria. Nilimkumbuka yule jike wa majivu. Nikajiuliza, huyu ndiye niliyekwenda kumtetea, sasa nimpelekee risasi ili ripoti yangu iwe fupi? Nilipofika juu nilikuwa nimekata shauri. Mbwa wale wangetoka mle wakiwa hai, hata kama ingenichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Kwa kuwa mlango ulikuwa umemfungia askari, nikaujaribu kwa sindano. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilipofika, na jokofu kwa bahati likiwa linawaka, nilimwendea Felician nikamwambia nitawachanja mbwa wake wote, hata wa jirani. Biashara yake ilikuwa imeanza kupata maneno kwa sababu ya watoto waliokufa mikononi mwa wanunuzi, na mbwa aliyechanjwa aliuzika vizuri zaidi. Akakubali. Wenzangu kituoni walisema namsaidia mhalifu. Huenda nilimsaidia, lakini kuanzia hapo nilikuwa naingia bandani kila wiki kwa mlango wa mbele. Nilitibu upele, nikatoa minyoo, nikakata nyuzi za masikioni kila nilipozikuta. Kila wiki nilimwomba kitu kimoja kidogo. Kamba ndefu zaidi. Dirisha. Wiki nyingine, majike watolewe nje jua linapochomoza. Alinipa hivyo vyote huku akilalamika kwamba namfilisi kwa upole.

Upande wa pili nilianza na wanunuzi. Nilikuwa nimemuuliza Konsolata angefanya nini kama angeanza upya. Alisema, "Ningeomba kumwona mama yake kwanza. Ukimwona mama, huwezi kumchukua mtoto." Maneno hayo niliyachukua kama yalivyo. Nilimwomba katekista ayaseme kwenye matangazo baada ya ibada, Walutheri nao wakayasema kwao, na kinamama wakayapeleka gulioni: ukinunua mbwa, uliza mama yake yuko wapi. Yakaenea kuliko nilivyotarajia. Watu wakaanza kuuliza hata kwenye mbuzi. Nilimsikia mzee mmoja gulioni akimuuliza muuza viazi mama yake yuko wapi, na muuza viazi akamjibu kwamba yuko nyumbani anamsalimu.

Felician alijaribu. Mnunuzi akiuliza, alimleta jike mnene wa uani. Lakini jike yule alikuwa hajawahi kuzaa, na wafugaji wa Karagwe si watu wa kudanganywa kuhusu chuchu. Watoto wakaanza kukaa bandani bila kununuliwa, na kadiri walivyokaa ndivyo walivyokula, na kadiri walivyokula ndivyo sufuria ya Mama Koku ilivyozidi kuchemka.

Ilikuwa msimu wa senene, wale panzi watamu, kila nyumba inanukia senene wa kukaanga. Mama Koku alikuwa amekusanya senene wake kwa taabu, akawakaanga, akawafunika, akaenda kuteka maji. Aliporudi, Komando alikuwa amekula wote na analamba kifuniko. Mama Koku alizima moto chini ya sufuria ya mbwa, akafunga nguo zake na za watoto, akapanda lori la ndizi kwenda kwao Bugomora.

Felician alinijia ofisini siku chache baadaye. Koti lake lilikuwa na pumba begani.

"Bibi Mifugo, wewe unajua. Hivi pumba huanza kuwekwa kabla ya maji au baada?"

"Baada, Baba Koku."

"Basi ndiyo maana," akasema, akinitazama kama mgonjwa.

Ikabidi aende Bugomora kumrudisha mkewe, kwa utaratibu, na wazee wake na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mama Koku alituma ujumbe kwamba na mimi niwepo. Nikaenda, na Mzee Rwegasira akanisindikiza kwa kuwa binti peke yangu kwenye kikao cha ukweni nisingesikilizwa. Kikao kilikuwa sebuleni kwa kaka yake Mama Koku, yule ambaye mbwa walifichwa kwake. Nilidhani atamtetea shemeji yake. Kumbe mbwa wale walimmalizia kuku wake wote, na hakuna aliyemfuta machozi.

Felician aliongea vizuri kama kawaida yake. Alisema anafanya kazi kwa ajili ya familia, kwamba watoto wa Komando wanalinda nusu ya Karagwe.

Mama Koku alingoja amalize. "Waambie Komando ulimtoa wapi."

"Alivuka mto wakati wa…"

"Baba Koku."

Felician alitazama kikombe chake. "Kihanga," alisema. "Kwa shangazi. Alikuwa anakula mayai, shangazi akanipa."

Mzee Rwegasira alishusha kofia yake mpaka puani, mabega yakimtikisika. Wakweze nao walicheka sana, na Felician mwenyewe akacheka mwishoni, na nadhani kicheko kile ndicho kilichofungua njia, kwa kuwa baada yake hakuwa na kitu cha kulinda.

Mama Koku hakucheka. "Mimi simchukii mbwa," aliwaambia wazee. "Nimewazalisha hao majike kwa mikono yangu, gizani, mwaka baada ya mwaka. Yule wa majivu nimemzalisha mpaka nikawa naona haya kumtazama. Naye ni mama kama mimi. Banda lile likiwapo, sirudi."

Felician alinigeukia, na mara ile hakuwa na utani. "Nikisema nimeacha, nitawapeleka wapi? Mnataka niwaue?"

Swali hilo nilikuwa nimeshalibeba muda mrefu, kwa hiyo jibu lilikuwa tayari. Nilimwambia kwamba kila nyumba yenye kibanja inahitaji mbwa wa kufukuza ngedere na nguruwe pori, na kwamba hawa wangegawanywa mmoja mmoja, wamechanjwa, kwa watu waliokubali kuwafungulia kamba mchana. Majike wangefungwa kizazi kwanza. Daktari wa mifugo wa wilaya alikuwa ameahidi kuja na vyombo vyake, akipata meza imara na maji ya moto. Felician aliwatazama wakweze, akamtazama mkewe, kisha akasema, "Meza ninayo."

Daktari alikuja. Meza ya Felician ilitolewa uani kwenye mwanga, Mama Koku akachemsha maji katika sufuria ileile, mimi nikashika miguu na kunyoa matumbo. Felician alisimama karibu na kila jike hadi alipozinduka, akiwapepea inzi kwa jani. Hatukuwaokoa wote. Wawili walikuwa dhaifu mno na hawakuamka, na mmoja wao alikuwa yule wa majivu. Mama Koku alimfunika kwa kanga yake, akaenda kuendelea na maji.

Tuliwagawa josholini, siku ya kuogesha ng'ombe, kwa kuwa ndiyo siku watu wote hukutana. Konsolata alichagua jike mzima mwenye jicho moja, akakataa mtoto. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuja na mbwa wake. Sikio la pili sasa lilikuwa limeanguka, akaniuliza pembeni kama kuna sindano ya kulisimamisha. Nikamwambia hakuna, lakini ipo ya kichaa cha mbwa. Akakubali achanjwe, nami nikamshukuru mbele za watu.

Miaka ikapita. Mzee Rwegasira alistaafu akarudi Bukoba na kofia yake. Mimi nilihamishiwa kituo cha upande wa Kyerwa, nikapewa pikipiki. Felician alikuwa sasa anauza mbegu za maharage na majembe gulio hadi gulio, na katika miaka ya tisini, asubuhi moja ya mvua, aliingia ofisini kwangu akiwa amelowa.

"Bibi Mifugo, nimekuja kushtaki."

"Umeibiwa?"

"Kuna kijana Nyakatuntu anazalisha mbwa."

Nikamuuliza amejuaje. Alivua koti, akalikamua.

"Uani ana mbwa watatu, wasafi. Nyuma ya nyumba ana sufuria ya harusi na lundo la maganda ya ndizi. Mwenye mbwa watatu hahitaji sufuria ile."

Tulikwenda pamoja, yeye nyuma ya pikipiki akilalamikia matuta. Kijana yule aliitwa Deo, fundi cherehani, mpole. Alitukaribisha vizuri, akatuonyesha wale watatu, akaanza kusema kwamba mbwa wake ndio hao tu.

"Kijana," Felician akamkatiza, "usijichoshe. Sasa hivi utasikika mlio kule nyuma, utasema ni wa jirani. Halafu huyu mama ataomba choo. Tutapoteza asubuhi yote. Twende tu."

Deo alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akatangulia. Banda lake lilikuwa dogo kuliko la Nyabiyonza lakini giza lilikuwa lilelile. Felician aliinama akaingia kabla yangu. Nilipozoea giza nikamwona amechuchumaa mbele ya jike mwekundu, mkono ameunyoosha, anangoja anuswe.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Hana jina," Deo akasema.

"Wangu nao hawakuwa na majina. Isipokuwa dume. Ukitaka kuendelea na kazi hii, usije ukawapa majina. Ukitaka kuacha, mpe huyu moja leo."

Banda la Deo lilifungwa kabla ya msimu wa kahawa, bila mgambo wala hakimu. Nawaambia hivyo si kwa sababu kila mfugaji atakuwa Deo. Wengine niliowaripoti baadaye walihama, wakaanza upya kwingine, na wawili ilibidi wafike mahakamani, ambako sheria ile ya zamani hatimaye ilipata kazi. Lakini katika miaka yangu yote sikupata msaidizi kama mtu aliyewahi kufanya kosa lenyewe. Msimfukuze mtu wa namna hiyo akija kwenu amelowa.

Jioni ile tulirudi kwa Felician na yule jike mwekundu, ambaye Deo alikubali tumchukue, katikati yetu kwenye pikipiki, amefungwa kwenye gunia hadi shingoni. Njiani Felician alirudia rudia maneno atakayomwambia mkewe, mara aanze na pole ya mvua, mara aanze na habari za Deo. Tulipozima pikipiki uani, Mama Koku alikuwa mlangoni anachambua maharage. Aliliona gunia likisogea.

"Ni huyu mmoja tu," Felician akasema, na maneno yote aliyoyapanga yakaishia hapo.

Mama Koku aliweka ungo chini. Alikuja, akafungua kamba, akateremsha gunia, akamtazama yule mbwa tumboni, mbavuni, kwenye chuchu, kama mtu anayesoma. Mbwa alitetemeka, hakubweka.

"Ameachishwa watoto lini?"

"Leo," nikasema. "Watoto wamekua, tumewapatia watu."

Alimbeba mwenyewe, kifuani, matope yote yale.

"Nje kuna baridi," alisema. "Na wewe Bibi Mifugo usiondoke, chakula ni cha wote." Kisha akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa bado amesimama na gunia tupu mkononi. "Washa moto, Baba Koku. Unajua pumba zinawekwa lini."